Grisi Kwenye Tanga la Mbele

Wajukuu wangu wakitaka kuninyamazisha hawahitaji maneno mengi, wananiuliza tu, "Babu, grisi iko wapi?" nami nashika kikombe changu cha chai na kutazama pembeni, kwa sababu kosa lilikuwa langu na hakuna mwingine wa kumsukumia.

Daktari mmoja niliyemtengenezea baiskeli miaka mingi alihama, akaniachia mashua yake ndogo pale Dunga, kando ya ziwa. Alinionyesha kile kibati cha mviringo kilicho mbele, chenye gololi ndani, ambacho ukivuta kamba yake kinazunguka na tanga la mbele linajiviringisha kwenye waya. "Kikiwa kizito, kisuuze kwa maji safi. Grisi usiweke." Sasa mimi ni fundi wa baiskeli Obunga tangu nimalize shule (na gololi sijawahi kuziosha kwa maji), kwa hiyo kilipoanza kukwaruza nikasema moyoni kwamba Daktari anajua matumbo ya watu, gololi aniachie mimi, nikakijaza grisi hadi ikafurika.

Wiki hiyo sam walitoka ziwani, wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi, wakatua kwenye grisi wasiondoke.

Jumamosi wakaja wakwe: Mama Ouma, mama wa kijana aliyemtaka binti yangu Akinyi, na shemeji yake, mwalimu mstaafu mwenye kofia nzuri. Kwetu mbele ya wakwe hata mfupa hautafunwi kwa sauti, na Akinyi alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: "Baba, leo usionyeshe ujuzi wako." Mimi baada ya chakula nikasema twendeni tupunge upepo.

Kwenda tulikwenda vizuri. Upepo wa alasiri ulipokaza nikavuta kamba ya kukunja tanga, ikagoma. Nikavuta tena nikitabasamu.

"Mzee, hilo tanga halikunjiki?" Mama Ouma akauliza.

"Linapumzika kidogo, mama."

(Ningeweza kulishusha lote kwa kulegeza kamba ya mlingoti, lakini hapo ningekuwa nimekiri nimeshindwa.) Nikaliachia lipepee, likapiga kelele kama mabati yaliyong'oka, kamba yake ikachapa kofia ya mwalimu hadi majini, nikageuza mashua kuifuata kofia, mashua ikaingia katikati ya magugu maji, hatua chache kutoka kwa akina mama wanaokaanga samaki, ikakwama pale huku ufuo mzima umesimama kututazama.

"Hicho kibati kipake mafuta," mwalimu akasema, kichwa kikiwa wazi.

Mama Ouma alikuwa ameshainama mbele. Akaingiza kidole, akakitoa kimejaa uji mweusi wa wadudu.

"Mafuta yapo, shemeji. Na kitoweo kipo."

Hapo nikasema ukweli, kwamba niliambiwa maji tu, nikajifanya najua. Mama Ouma hakucheka. Akalegeza kamba ya mlingoti mwenyewe (kumbe baba yake alikuwa mvuvi), tanga likashuka likamfunika mwalimu, kisha akanigeukia.

"Mzee, Akinyi tunamchukua, hilo halina shida. Lakini siku ya harusi sisi tutakuja kwa barabara."

Na kweli walikuja kwa barabara, hata wale wanaokaa ng'ambo ya maji. Siku hizi kile kibati nakisuuza kwa ndoo ya maji kila Jumamosi, na grisi yangu haivuki mlango wa karakana.