Damu iligoma kupanda nikiwa kwenye dialysis, kumbe mchawi alikuwa jino

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wengine habari za leo. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naandika la kwangu, na limenikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe, mzaliwa wa Kang'ata kule Handeni. Presha iliniulia figo zote mbili. Tangu hapo nasafishwa damu kwa mashine, yaani dialysis, na safari za Tanga mjini nimezizoea kama kwenda sokoni.

Mashine sikuiogopa. Kilichonimaliza ni uchovu.

Nazungumzia uchovu wa kukaa kitandani unaangalia kiatu, unajiuliza kama kweli kuna haja ya kukivaa. Nikikanyaga cherehani kidogo tu, moyo unaenda mbio kama nimekimbizwa. Viganja vyeupe. Kila kipimo kikitoka, damu iko chini.

Kwa wasiojua: figo nzima ndiyo inayouagiza mwili utengeneze damu. Ikifa, unachomwa sindano ya kufanya kazi hiyo, na madini ya chuma unawekewa kwenye mshipa, maana ya vidonge kwa wengi wetu hayaingii vizuri mwilini. Mimi nilikuwa napata vyote viwili.

Damu haikupanda.

Ndugu na majirani nao wakaja na yao, kwamba sili vizuri. Jirani alileta juisi ya beetroot, jagi zima. Mke wangu, Mwanaidi, akampigia nesi kwanza. Nesi akamwambia, "Mama, hiyo ina potasiamu nyingi. Kwa mgonjwa wa figo inaweza kusimamisha moyo." Juisi akainywa jirani mwenyewe.

Ikafika mahali nashikiliwa kushuka kwenye basi. Mdogo wangu Shabani, anayefanya kazi kwenye mkonge Ngombezi, akaja hospitali kutaka atolewe damu niongezewe mimi.

Daktari hakukubali haraka. Shabani huyo huyo ndiye alikuwa anapimwa ili anipe figo, na damu ya kuongezewa inaweza kuufanya mwili ujenge kinga ya kuja kuikataa figo mpya.

"Hali ikiwa mbaya zaidi tutamwongezea," alimwambia Shabani. "Ila kwanza nijue kwa nini dawa hazifanyi kazi."

Vipimo vikarudi.

"Chuma unacho, tena kingi," akaniambia. "Kimefungiwa ghalani. Mwili ukiwa unapigana na ugonjwa huwa unakificha, damu haikipati. Kuna mahali panauma?"

Nikasema hapana.

Mwanaidi akanigeukia. "Baba Rehema, mwambie daktari habari ya jino."

"Lile si linauma kidogo tu."

"Daktari, huyu anatafunia upande mmoja tangu mfungo. Na mdomo wake asubuhi unanuka usaha."

Nikafunguliwa mdomo pale pale. Gego la nyuma lilikuwa limeoza, na chini yake usaha umetuama. Nikapewa antibiotiki, likang'olewa siku isiyo ya mashine, maana kwenye mashine unawekewa dawa ya kuzuia damu isigande.

Sindano zikaendelea zile zile za zamani. Kipimo kilichofuata, damu imepanda. Cha baadaye, imepanda tena. Nesi alinisomea majibu huku anacheka, nami nikamwomba arudie kuyasoma, nilitaka tu kuyasikia.

Mvua zilipoanza nikaenda Kang'ata. Mama alinitandikia mkeka barazani, nikamwomba jembe. Nililima taratibu, napumzika, naendelea, hadi nikamaliza kipande alichokuwa anataka kupanda mahindi. Mama akapiga vigelegele peke yake katikati ya shamba. Majirani wakaja kuuliza anaolewa nani.

Na wiki iliyopita majibu ya Shabani yametoka. Figo yake inanifaa.

Nilichojifunza wakuu: ukiwa kwenye dialysis na damu haipandi, usikimbilie kudhani huli vizuri. Uliza kwa nini dawa inagoma. Na kila kinachouma kitaje, hata kama unakiona kidogo. Kucha, kidonda, jino, taja. Mimi nilikuwa nazunguka na adui mdomoni huku natafuta damu kwenye chakula.

Wenye wagonjwa wa figo, kwenu damu ilikwama wapi na ikafunguka vipi? Karibuni tuelezane. Mwenye swali la jino amuulize Mwanaidi, yuko hapa pembeni anachungulia simu yangu kuhakikisha sijapunguza sehemu yake.