Miguu ya Baba na Vijiti vya Dari

Baba alikuwa fundi wa dari, tena hodari, mpaka maradhi yalipomwingia. Kwanza mkono ulitetemeka, kisha uso ukamkauka, ukawa haucheki wala haununi. Halafu miguu ikaanza kumgomea. Anasimama katikati ya ukumbi, nyayo zimeganda sakafuni, macho yanatazama mbele tu. Mie nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na, sisemi uongo, nilimuogopa baba yangu.

Mwaka ule, hamsini na kitu, jirani alikuwa anatengeneza dari. Enzi zile chokaa ya dari ilipigwa kwa vijiti siku nyingi ili ishikamane, wanawake wamekaa safu wanaimba na kupiga kwa pamoja. Asubuhi waliyoanza, baba alikuwa ameganda mlangoni pa chumba chake. Pa, pa, pa-pa. Mguu ukanyanyuka. Akapita mbele yetu anatembea sawasawa, na uso ni ule ule, kama wa maiti. Wale wakapumzika kunywa maji, naye akasimama papo hapo, kisigino kimoja juu.

Shangazi yangu, aliyeishi nasi, akamsomea na kumpulizia. Akasema huyo si kaka yake, huyo ni pepo, kasikia ngoma yake. Mtaa ukapata la kusema, na kwetu lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mie mdomo wangu hauna pazia, nikamwendea baba nikamuuliza kama ni yeye anayetembea.

"Ni mie," akasema, sauti imefifia. "Miguu hainisikii mie, inasikia vijiti."

Basi nikatwaa vijiti viwili, nikawa namfuata nyuma nampigia. Alitembea, jamani! Lakini kila nikinyamaza anasimama, nami nikahisi nimeshika roho ya mtu viganjani. Sikuipenda hata kidogo hali ile.

Ndoa ya dada yangu ikafika. Shangazi alitaka baba ampe shekhe uwakala amwozeshee binti. Baba akakataa. Ila kumwozesha binti yake mwenyewe, hakuwa na jambo jingine alilolitaka duniani.

"Ntakwenda kwa miguu yangu," akasema. "Kubebwa, mpaka nshakufa."

Baada ya alasiri tukatoka, yeye mbele, mie nyuma na buibui langu, shangazi ubavuni amenuna. Watu waliokaa barazani wakaingia ndani, wakafunga milango tukipita. Katika vichochoro vyote vile sikusikia ila vijiti vyangu na makubadhi yake. Msikitini akayavua. Zilibaki hatua tatu kukivuka kizingiti.

Shangazi akanishika mikono. Akaninong'oneza kwamba mlangoni pa msikiti hapapigwi ngoma, au nataka watu waseme tumeingiza pepo nyumba ya Mungu.

Baba akaganda. Ndani wanaume wote walikuwa wamegeuka wanamtazama. Yeye hakuweza kugeuka kunitazama mimi.

"Piga, mwanangu," akasema.

Shangazi hakuwa na nguvu za kunizuia, kikongwe yule. Kilichonizuia ni aibu, macho ya wale wanaume. Sikupiga. Wawili wao wakaja wakamnyanyua, mmoja kwapani, mmoja miguuni, wakamwingiza.

Dada aliozeshwa, biriani ikaliwa. Baba aliishi miaka minne zaidi. Hakuniomba tena nimpigie, na nilipompigia bila kuombwa, hakunyanyua mguu.