Taya la Sangara Shingoni mwa Queen

Wilhelmina hakuwahi kukalia dawati. Baba yake, kule Nansio, alisema shule ni ya wavulana. Kaka zake wakaenda, yeye akabaki kupara samaki. Mume naye, siku anamkimbia, alisema amechoka kuishi na mbumbumbu. Kwa hiyo binti yake Queen alipofaulu kwenda sekondari, Wilhelmina, mkaanga mapanki wa Nyegezi, aliapa kwamba huyu hatapara samaki wa mtu.

Muhula ulipoanza, Mwalimu Ndalahwa alimwagiza Queen alete taya la sangara, kubwa. Mama mtu alifurahi sana! Minofu hupanda ndege ikaenda kwa Wazungu, sisi tukaachiwa mapanki, mifupa mitupu. Leo angalau mfupa umeitwa shuleni. Alichagua taya zuri kuliko yote, akalisugua kwa majivu, akalianika juu ya bati hadi likawa jeupe kama sahani. Alijua ni la somo la viumbe.

Asubuhi moja Queen alisahau ufagio wa usafi. Mama akampelekea, beseni la mapanki kichwani. Akamkuta getini, taya lile likimning'inia shingoni kwa kamba ya katani. Queen alimtazama, akafumba mdomo, akainamisha kichwa.

"Umekuwa mkubwa mpaka huniamkii?"

Rafiki yake Kausar ndiye aliyenong'ona, huku akichungulia nyuma: "Mama, anayebambwa akisema Kiswahili ndiye anavalishwa. Jana ulipopita na beseni lako, Queen alikuamkia shikamoo. Viranja wakamsikia."

Mwalimu Ndalahwa akatokea, kijana ambaye Wilhelmina angeweza kumzaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, leta shingo!"

Kausar akaziba mdomo asicheke.

"Mama, usikasirike," mwalimu alisema. " Ni kwa faida yao. Mtihani ni wa Kiingereza."

"Na wasipokuelewa darasani, unafanyaje?"

"Nawafafanulia kwa Kiswahili."

"Kumbe kinafaa kufundishia, ila hakifai kumwamkia mama! Nilikupa taya ufundishe, wewe unamfunga nalo mwanangu kama mbwa?"

"Ndiyo utaratibu wa shule. Kama hutaki, mchukue mwanao."

Wilhelmina alihisi anamsikia baba yake, kisha mumewe. Nusura amshike Queen mkono waondoke. Wangefurahi wanaume wote watatu.

"Mwanangu habanduki hapa," alisema. "Ninachochukua ni changu."

Akafungua kamba, akatupa taya ndani ya beseni, akaondoka.

Jumatatu shule ilikwisha kuchonga kibao cha kuvalisha badala ya taya. Wilhelmina alipopita getini alikiona tayari kiko shingoni mwa Queen, na viranja wamesimama pembeni wakisubiri.

Queen akainua kichwa. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu!" Wilhelmina aliitikia kwa sauti ya kufika hadi ofisini. Tangu hapo hupita kila asubuhi, hata siku ambazo si njia yake.