Tenga Lisilo na Nundu

Lori la nyanya linarudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa sakafu ya soko. Kabla halijasimama sawasawa, mwanamke mwenye koti la mvua na begi la shule mgongoni ameshapanda nyuma. Giza bado halijaondoka, kwa hiyo anamulika matenga kwa tochi ya simu. Anapenyeza vidole katikati ya mbao, anapapasa nyanya za chini kabisa, kisha anavitoa na kuvinusa.

"Profesa, hizo si watoto wachanga," kuli mmoja anamtania kutoka chini. "Shusha tukalale."

"Nani kakuambia utalala?" anamjibu bila kugeuka. "Shika taratibu."

Sokoni hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Profesa tu, tangu siku alipoanza kuja kazini na begi. Ana miaka thelathini na minne, anauza nyanya kwa jumla, na yuko mwaka wa tatu wa shahada ya kilimo na biashara katika chuo kikuu kilicho mwendo wa nusu saa kwa miguu. Saa mbili anatakiwa awe darasani. Lori likichelewa naye anachelewa, na zaidi ya mara moja ameingia kwenye mtihani na matope ya soko kwenye viatu.

Leo makuli wanayatazama matenga yake mara mbili. Yamejazwa hadi kwenye mdomo wa mbao, basi.

Matenga ya majirani zake yote yana nundu. Nundu ni nyanya zinazorundikwa juu ya tenga lililokwisha kujaa, zikafunikwa majani na kufungwa kamba zisimwagike. Mnunuzi halipii nundu. Bei ni ya tenga, na nundu ni adabu ya mkulima kwa tajiri yake, ndivyo wanavyoiita. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kikishajaa bado mkulima anaambiwa aongeze.

Matenga haya thelathini yasiyo na nundu yametoka kwa mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu ametamka wazi kwamba huu ni msimu wa mwisho wa majaribio. Mambo yakiwa yale yale, anakodisha shamba la familia na kwenda kubeba zege. Mkandarasi ameshampa nafasi, na kazi inaanza Jumatatu. Wiki hiyo hiyo ndiyo ya kusia mbegu za nyanya kitaluni, kwa hiyo hawezi kuyafanya yote mawili.

"Anasubiri nimwambie leo zimeuzikaje," Profesa anasema huku akihesabu matenga kwa kuyagonga kwa kiganja. "Na mimi nasubiri hivyo hivyo."

Wamezaliwa wawili tu. Mama yao alikuwa na meza hapa hapa sokoni hadi magoti yalipogoma. Ndipo alipogawa urithi angali hai: binti akapewa meza, kijana akapewa jembe. Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, na anakiri kwamba alijiona ndiye aliyependelewa.

Kisha likaja lori la matenga arobaini, nusu yake yakiwa yamegeuka supu. Dada alisema kaka anachuma nyanya zilizoiva kupita kiasi. Kaka akasema ni barabara. Hawakuongea msimu mzima. Mama yao alipoulizwa kwa nini hakuwapatanisha, alijibu, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikaenda zangu kulima, na magoti haya haya."

Kisa hicho ndicho kilichompeleka chuoni. "Nilitaka kujua nyanya inaoza kwa nini," anasema. "Sikwenda kutafuta cheo. Na nilitaka nimshinde mdogo wangu kwa hoja, nisikufiche."

Masomo yenyewe anayalipia kutokana na meza. Karibu nusu ya faida ya msimu mzuri inakwenda kwenye ada. Msimu mbaya huomba aongezewe muda, na karani wa uhasibu chuoni ameshamzoea kiasi kwamba akimwona tu anauliza, "Nyanya zimeshuka bei tena?"

Anaitania shahada yake kwamba ni ndoa ya watu wasiosalimiana. "Asubuhi tunafundishwa namna ya kumsaidia mkulima apate mazao mengi. Mchana, chumba cha pili, tunafundishwa namna ya kumnunulia kwa bei ya chini. Walimu wenyewe sijawahi kuwaona wakinywa chai meza moja."

Mwaka wa kwanza aliandika kazi ya somo la biashara akieleza nundu inavyompunguzia mnunuzi gharama. Alipata alama za juu kuliko darasa zima.

Mwaka wa pili, mwalimu wa utunzaji wa mazao aliwataka wanafunzi walete zao lolote jinsi linavyosafirishwa. Wenzake walileta mafungu ya mchicha na mahindi kwenye mifuko. Yeye alileta matenga mawili yenye nundu, akayapanga moja juu ya jingine kama yanavyokaa kwenye lori, na yakaachwa hivyo hadi kesho yake. Siku ya pili yakafunguliwa tabaka kwa tabaka mbele ya darasa. Katika tenga la chini, nundu ilikuwa imesukumwa ndani na uzito wa tenga la juu. Nyanya za katikati zilikuwa na ufa. Za chini kabisa zilishaanza kutoa maji.

"Mwalimu akaeleza kwamba mbao inatakiwa ibebwe na mbao," anakumbuka. "Ukiweka nundu, tenga la juu halikalii mbao tena, linakalia nyanya. Halafu akauliza, nani kapanga hivi? Wenzangu wote wakanigeukia."

Kikulacho ki nguoni mwako. Matenga arobaini yale hayakuuawa na barabara, wala na mkono wa mdogo wake. Na hapo ndipo yule mwanafunzi wa biashara ndani yake alipoanza kupiga hesabu, akatamani asingeanza. Katika kila matenga matano, nundu zikikusanywa zinajaza la sita. La sita hilo mdogo wake alikuwa akimpa bure, miaka yote. Nundu hiyo hiyo ikaponda nyanya za chini, na zilizopondeka dada mtu akazikata kwenye malipo ya kaka yake.

"Nilikuwa namwibia juu na chini," anasema. Anatamka kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei.

Soko limefunguka sasa. Mteja wake wa kwanza ni mama mwenye genge mtaani, anayenunua kwenye meza hii tangu enzi za mama yake Profesa. Anazunguka matenga mara moja.

"Nundu iko wapi?"

"Haipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Imekwenda chuo?"

Makuli wanacheka. Profesa naye anacheka, kisha anamweleza habari ya mbao na nyanya za chini. "Mwaga lolote unalotaka, uone mwenyewe. Hutatupa hata moja."

"Mwanangu, mimi simwagi nyanya, mimi nauza. Ile nundu ndiyo ninayowapa watoto wangu wakale." Anamshika bega kwa upole, anahamia meza ya pili. Wanawake wawili waliokuja naye wanamfuata.

Meza ya pili ni ya mchuuzi mzee ambaye soko zima linamwita Mjomba. Hafurahii mkosi wa jirani yake, ila wateja hawarudishi. "Elimu ni nzuri," anasema akifungua kamba ya tenga. "Lakini tunda usilichume kabla halijakomaa. Wewe unajua hilo kuliko mimi."

Profesa anatandika turubai, anamwaga tenga moja mwenyewe. Nyanya zinabingirika nzima, ngumu, hakuna iliyochubuka. Watu wanasimama, wanatazama, wanaondoka. Mpishi wa shule ya bweni ndiye anayechuchumaa. Anazichagua zilizotoka chini, anazibonyeza moja moja, haulizi habari ya mbao.

"Za juu kila mtu anajua kuzipanga," anasema. "Nipe kumi na mawili. Na kila Alhamisi uniletee."

Anafuata mwenye mgahawa, anachukua matano. Kisha kimya. Saa moja na nusu inapogonga, matenga kumi na matatu bado yamekaa, ukihesabu na lile alilolirudishia nyanya zake. Profesa anamwomba Mjomba amuuzie.

"Nitakuuzia. Ila nikibanwa nitayawekea nundu."

"Ukiyawekea nundu, Mjomba, nitakuletea mwalimu wangu."

Anavua mabuti, anavaa viatu vya darasani, anaondoka kwa hatua ndefu. Hajafika geti la chuo simu inaita. Mikono yake imejaa, kwa hiyo anaweka spika.

"Shikamoo dada. Imekuwaje?"

Angeweza kudanganya, na uso wake unaonyesha kwamba wazo limepita. "Zaidi ya nusu. Mama wa genge kakimbia. Kapatikana mpishi wa shule, anataka kila Alhamisi. Zilizooza, sifuri."

Upande wa pili inasikika sauti ya kuku na ya mama yao akiuliza jambo kwa mbali.

"Sia mbegu," Profesa anasema. "Nakununulia tenga lililojaa hadi mdomo wa mbao, basi. Nundu hakuna tena."

"Utaniandikia?"

Anasimama katikati ya njia, wanafunzi wanampita kushoto na kulia. "Nikuandikie? Mimi ni dada yako."

"Ndiyo maana nauliza, dada."

Macho ya Profesa yanajaa machozi, naye hayafichi. Anayafuta kwa mkono wa koti, koti lenyewe limejaa madoa ya nyanya, uso unabaki na alama nyekundu. Anamwambia mdogo wake kwamba Jumamosi atakwenda shambani kuandikishana, na shahidi atakuwa mama. Kaka mtu anasema sawa, atamsubiri hadi Jumamosi. Hatampa mkandarasi jibu kabla ya hapo.

Mwakani Profesa anatarajia kumaliza shahada. Anataka kuwapata wakulima wengine kumi watakaouza kwa tenga lisilo na nundu, na shule nyingine za bweni za kununua. Lakini akiulizwa anachokitamani zaidi, hataji shule wala wakulima kumi.

"Nataka mdogo wangu anidai kama mtu baki," anasema, akisukuma mlango wa darasa ambalo somo limeshaanza. "Undugu umeshamla vya kutosha."