Kisanduku cha Wasuguaji

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani katika duka la familia moja ya Wahindi mjini Kisii. Walinunua vinyago vya mawe ya sabuni kutoka vilima vya upande wa Nyamarambe na kuvipeleka ng'ambo. Nilikuwa nimetoka Nairobi kusomea kompyuta, na duka halikuwa na kompyuta. Lilikuwa na taipureta iliyokataa kupiga herufi r.

Mwaka mmoja mteja wetu mkubwa alituonya kwamba mzigo wa Desemba ukichelewa tena, atatafuta watu wengine. Bosi alinieleza bila kuzunguka: mteja akiondoka, biashara ya vinyago inafungwa, nami narudi kwetu Kebirigo kuchuma chai.

Chuoni tulifundishwa kitu kiitwacho ontolojia. Kabla ya kubashiri kazi itakwama wapi, unaandika kwanza ni vitu gani vilivyomo ndani yake, kila kimoja ni cha aina gani, na kipi kinategemea kipi. Nikabandika karatasi ya manila ukutani, nikachora visanduku na mishale. Jiwe linategemea machimbo, na machimbo yanategemea mvua isizidi. Kufunga mzigo kunategemea majani makavu ya migomba. Halafu nikamwita mwenyekiti wa wachongaji anijazie yaliyobaki.

"Baada ya kuchonga, nani anasugua?" nilimwuliza.

"Hiyo si kazi, madam. Inakuja tu na kuchonga."

"Lakini mzee, nimewaona akina mama na makarai ya maji na msasa, mchana kutwa."

"Hao ni mabibi yetu. Wanasaidia tu."

Bosi akamwunga mkono. Alisema yeye hulipa wachongaji, hamjui mtu mwingine. Nilichora kisanduku cha wasuguaji hata hivyo, na mshale wa kukiunganisha na msimu wa tohara. Kila mtu aliyezaliwa kwetu Gusii anajua kwamba shule zikifungwa mwisho wa mwaka, mama mwenye sherehe ana pombe ya nafaka ya wimbi ya kuandaa na wageni wa kulisha, na majirani zake wote wako jikoni pamoja naye. Bosi akaniuliza kama aliniajiri kuandika habari za sherehe. Mwenyekiti, ambaye mwaka huo huo alikuwa na kijana wa kutahiriwa, akacheka hadi akashika meza. Niliudhika, lakini kisanduku sikukifuta.

Wimbi lilipoanza kupanda bei kule sokoni Suneka, nilijua maandalizi ya sherehe yameanza, nikamwendea bosi tena. Nilimwomba tuwape akina mama kazi mapema, kabla hawajashikika na sherehe. Akasema yeye hauzi wimbi.

Desemba magunia yakafika. Viboko, twiga, sahani, vyote vimechongwa barabara, na vyote vina mikwaruzo na vumbi, havijaguswa na msasa. Tuliketi uani, bosi, mama yake na mimi, tukasugua mpaka vidole vikachubuka. Twiga wengi tuliwavunja shingo. Meli haikutungoja, na mteja akaenda zake kama alivyosema.

Januari bosi alikuwa amepoa. Alisema atatafuta mteja mwingine, na asipompata kufikia Pasaka, nifunge virago. Safari hii alikubali wasuguaji waandikwe kwa majina na walipwe wenyewe, ili tuwe tunawauliza mapema nani atakuwa na sherehe. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwita mwenyekiti, nikasimama mbele ya karatasi na kalamu mkononi, nikamwuliza jina la anayesugua kwake.

Akataja jina lake mwenyewe.

"Mzee, kwani wewe unasugua?"

"Bibi ni yangu," akanijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mzito wa kuelewa. "Sasa unataka kuandika nani?"