Dereva wa Upande wa Ukuta

Kila mji uliowahi kuwa na reli una mtu wa namna hii: kazi imemwacha, injini imeuzwa, na bado akitembea barabarani anapunguza mwendo kabla ya kona. Huyu wa hapa walimwita Breki. Jina alipewa na wenzake kwa sababu aliweza kuteremsha treni mlima mzima bila chai ya abiria kumwagika, nalo likamganda mpaka likamfikia binti yake, mwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua. Wateja walimwita Binti Breki bila kujua breki yenyewe ilikuwa ya kitu gani.

Reli ya mlimani ilifungwa, ikaota majani, na mwaka huu wakaja watu na mitungi ya gesi kuikata vipande na kuipakia kwenye malori. Breki hakwenda kutazama. Alikuwa akishinda dukani kwa binti yake, kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya pili, akicheza mchezo wa kuendesha treni. Binti alimwekea mchezo ule ili atulie. Hakutulia. Aliendesha treni za nchi za theluji huku akigombana na kioo.

"Magurudumu yanateleza, na hawa hawajaweka hata mchanga wa kumwaga relini," alinung'unika. "Tutapandaje?"

"Baba, ni mchezo."

"Na abiria wa mchezo nao wanataka kufika."

Siku moja binti aliona tangazo ndani ya mchezo wenyewe. Waliouunda, kikundi cha watu waliotawanyika nchi mbalimbali, walikuwa wakiomba mapendekezo. Mchezaji yeyote angeweza kupendekeza njia moja ya reli yenye mandhari nzuri, nao wangechagua moja na kuijenga yote, stesheni kwa stesheni. Breki alimwomba asome tena. Kisha akavuta kiti karibu.

"Wakiijenga humo," aliuliza, "kuna mtu anaweza kuja kuikata?"

"Humo? Hakuna."

"Basi andika."

Mchana wote alimsomea kutoka kichwani. Mwinuko unaanzia wapi, kona ipi inabana, wapi unapiga honi, wapi unaachia upepo wa breki kidogo kidogo kama mtu anayemlaza mtoto. Wateja walisimama na karatasi zao mkononi, wengine wakasahau walichojia. Binti alichapa, akageuza yote katika lugha waliyoitumia wale watu, akatuma.

Jibu lilikuja upesi, na lilikuwa na furaha ndani yake. "Wameipenda, baba. Wanasema ni njia ya kusisimua. Ila wanauliza abiria anaona nini."

"Anaona nini wapi?"

"Dirishani. Wameangalia ramani, wakaona kuna ziwa linaifuata reli mlima mzima. Wanataka uwaeleze ziwa. Rangi yake, linatokea kona ipi, ukingo wake ukoje. Na picha, kama zipo."

Mashine ya kopi ilimaliza kazi yake, ikazima taa.

"Sijui," Breki alisema mwishowe.

"Hujui nini?"

"Ziwa. Sikuwahi kuliona."

Binti alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa. Kiti cha dereva kilikuwa kulia, na kulia kwa njia ile kulikuwa na ukuta wa mwamba, uliochongwa ili reli ipite. Ziwa lilikuwa kushoto. Kule juu hapakuwa na pa kuigeuzia injini, kwa hiyo ilishuka kinyumenyume, na kiti kikabaki upande uleule wa ukuta. Wala hakuweza kuinuka akachungulie. Mguu ulikuwa juu ya kanyagio ambalo ukiliachia tu, treni inasimama yenyewe. Maisha yake yote ya kazi, abiria mia kadhaa nyuma yake walikuwa wakilitazama ziwa, na yeye anatazama jiwe.

"Ungepanda siku moja kama abiria!"

"Siku ya mapumziko nipande tena treni? Na wewe je, ulipanda lini?"

"Si ninyi mliotukataza? Familia ya dereva haipandi treni ya dereva. Mama alikuwa anatuzuia hata kusogea stesheni."

Hilo lilikuwa kweli. Madereva wote walilishika, na hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Mtandaoni walipata picha moja tu ya njia ile. Ilipigwa kutoka ng'ambo ya kona, na ziwa lilikuwa limezibwa na injini.

Waliobaki wa kuulizwa ni watu. Fundi cherehani wa jirani alisafiri na treni ile tangu akiwa msichana, naye alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani, "Ziwa? Lilikuwa zuri."

"Zuri vipi?"

"Zuri tu, baba. Kubwa. Lina maji."

Breki akaenda kwa Kipenga, aliyekuwa msaidizi wake kwenye injini na ndiye aliyemwoa dada yake. Sasa alikuwa akiuza misumari na vitasa kimoja kimoja kwenye kibanda cha bati.

"Shemeji, wewe ulikaa kushoto," Breki alimwambia. "Nieleze ziwa lilivyokuwa."

Kipenga alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, unanidhihaki? Nani aliyekuwa akiniambia lala?"

Breki alikuwa amesahau. Huo ulikuwa utaratibu wao, haukuandikwa popote. Kupanda, treni ilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, hapakuwa na taa ya ishara wala stesheni ya kusimama, kwa hiyo dereva alimwachia msaidizi asinzie, maana kushuka angemhitaji akiwa macho.

"Na kushuka?" aliuliza, akijua anauliza bure.

"Kushuka nilikuwa na geji ya upepo wa breki huku na mabehewa kule nyuma. Ningeangalia ziwa, tungekuwa ndani yake."

Walicheka pamoja, kisha kicheko kikawaishia kwa wakati mmoja. Kipenga akamwekea kikombe cha chai. Kikapoa bila kunywewa.

"Tutunge basi," binti alisema aliposikia. "Ziwa la buluu, ndege weupe, mitumbwi miwili mitatu. Nani atakwenda kupima?"

"Halafu mtu ageuke kushoto aone ndege nisiowajua? Hiyo itakuwa reli ya nani?"

"Itakuwa reli, baba. Sasa hivi huna hata hiyo."

Hakumkasirikia. Alisema tu, "Twende tukaliangalie."

Walifunga duka asubuhi, wakakodi gari mpaka kijiji cha chini, wakapanda kwa miguu kwenye njia ya reli. Vyuma vilikuwa vimekwisha kuondoka. Yalibaki mawe ya kokoto na alama za mataruma yaliyobeba vyuma hivyo, kama meno yaliyong'olewa. Breki alihesabu kona kwa mdomo, na katika kila kona alijua iliyofuata.

Ziwa hawakuliona. Zamani kikosi cha matengenezo kilikuwa kikifyeka upande ule kila mwaka, ili majani yasishike moto kwa cheche za breki. Mandhari yale yote abiria waliyoyasifia yalikuwa kazi ya watu wenye mapanga, na watu hao walisimamishwa siku moja na treni. Sasa kushoto kulikuwa na kichaka kizito kilichokua kuwa msitu. Binti alijipenyeza mpaka miiba ikamshika nguo. Alisikia maji. Alirudi na mikwaruzo tu.

Alimkuta baba yake amekipa kichaka mgongo. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta.

"Hapa panatoa maji masika na kiangazi," alisema, akaweka kiganja kwenye jiwe, na kiganja kikalowa. "Hapo juu jiwe ni jekundu, kisha linapauka, kisha mstari mweusi unaanza kule chini na kupanda nao mpaka juu. Mstari ukifika usawa wa bega langu najua nimemaliza mwinuko. Na huyo mjusi, au babu yake."

Binti akatoa simu, akampiga video akieleza. Alieleza kona hadi kona, kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia kwake, na ukuta ule ukabadilika rangi kila walipogeuka. Usiku ule ule video ilitumwa.

Safari hii jibu lilichelewa. Breki aliacha kucheza mchezo. Alikaa tu kwenye kiti chake, na kila kompyuta ilipolia aligeuza shingo. Lilipofika, duka lilikuwa limejaa wazazi wanaotoa kopi za vyeti vya watoto. Binti alilisoma kimoyomoyo kwanza, akafikiria kulilainisha, akamwona baba yake anamtazama mdomo.

"Wanashukuru sana," alisoma. "Wanasema wameona umeipenda kazi yako. Lakini wachezaji wengi wanataka mahali pa kupumzisha macho, na saa nzima ya ukuta wa mawe ingewachosha. Wamechagua njia nyingine, ya ufukweni. Wanakukaribisha uijaribu ikiwa tayari."

"Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo."

"Wana haki," Breki alisema. "Nani atakaa atazame ukuta?"

"Tunaweza kupendekeza tena, baba. Mwakani. Tukafyeke wenyewe—"

"Sisi wawili? Mlima mzima?"

Mama mmoja mwenye bahasha kifuani alikuwa akisubiri kwa adabu nyuma ya kiti, akiegemea mguu huu, kisha ule.

"Samahani, mzee," alisema. "Hiyo kompyuta unaitumia?"

"Hapana," Breki alisema, akainuka kumpisha.