Injini ya Boksi la Shabani

Mke wangu amenikataza nisiisimulie habari hii, lakini kwa kuwa nusu ya mji wa Tabora imeshaisikia kwa kipaza sauti (nitafika huko, msiniharakishe), heri mnisikie na mimi mwenyewe, maana wanaoisimulia barazani wameitia chumvi mpaka sasa inasemekana niliiba gari la kweli, la kutia petroli, nikaliendesha hadi Nzega. Sikuiba gari. Nilichukua injini ya plastiki inayoenea ndani ya kibiriti, na wallahi afadhali ningeiba gari.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa useremala. Alasiri nafundisha watoto Kurani hapo nyumbani, kwa hiyo mtaani kila mtu ananiita Maalimu, mkubwa kwa mdogo, isipokuwa mtu mmoja, rafiki yangu Kondo, ambaye kwa miaka zaidi ya arobaini hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Kondo ni Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akaoa, akajenga, akasahau kurudi pwani. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo tu watani, tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakipita na misafara kwenda pwani na kurudi, na jina langu kwake lilikuwa "mpagazi." Mpagazi, shusha mzigo ule. Mpagazi, umeamkaje na mabega? Na mimi nilimjibu kwamba babu zetu walibeba pembe mwezi mzima, wakafika pwani wakawakuta babu zake wamelala palepale walipowaacha safari iliyopita. Akiingia kwangu akakuta kuku anapita, humkamata miguu mbele ya mke wangu na kuondoka naye, na hakuna wa kukasirika. Ndivyo tulivyoishi, na namshukuru Mungu kwa miaka ile.

Kondo alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Shabani, fundi wa magari. Mgeni mmoja ambaye gari lake lilimharibikia njiani alimwachia maboksi kadhaa ya magari madogo ya kuunga, yale ambayo vipande vyake vya plastiki vimeshikana kwenye fremu, unavikata kwa wembe, unasugua kwa msasa, unagundisha, mpaka gari linakaa kiganjani. Shabani alinipa mawili. Na yeye ndiye aliyenionyesha hotirodi, ambayo ni gari la kizamani lililofanyiwa utundu: bodi kuukuu, magurudumu ya nyuma makubwa, ya mbele madogo, na injini kubwa iliyoachwa wazi bila kifuniko, kama mtu aliyefungua vifungo vya shati.

"Maalimu," aliniambia, "hotirodi haitoki boksi moja. Unachukua bodi huku, magurudumu kule, injini kwingine. Ukitumia boksi moja umejenga gari tu, na magari yapo mengi."

Shabani alifariki kwa maradhi ya figo (Mungu amrehemu), akaacha boksi moja ambalo hakulimaliza.

Mwaka jana Kondo alipopangiwa kwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, alikuja kwangu na boksi hilo limefungwa kamba ya katani.

"Nyumbani kwangu kuna mchwa na kuna wapangaji, na sijui wepi afadhali," alisema. "Nitunzie hili, mpagazi. Si ndiyo kazi yenu, kutunza mizigo ya watu wa pwani?"

"Weka hapo," nikamwambia. "Ila ujue mpagazi hulipwa. Utaniletea nazi."

"Nazi utaijulia wapi? Utaitafuna na kifuu chake."

Tukacheka, akaondoka. Nikaliweka boksi juu ya kabati, karibu na msahafu, kwa sababu ni amana, na mimi nimefundisha maana ya amana kwa watoto wa watoto wa watu niliowafundisha zamani.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanza, na lilianza dogo. Mwenyekiti wa mtaa alitangaza maonyesho ya kazi za mikono kwenye uwanja wa shule, akaniomba nilete kitu. Nilikuwa najenga hotirodi yangu ya kwanza kwa maboksi yangu mawili: bodi ya pikapu ya zamani, magurudumu ya gari la mashindano, kiti nimechonga mwenyewe kwa mninga. Ikabaki injini. Niliitia gundi kwa mkono wa seremala aliyezoea kuunga vitanda, plastiki ikalegea kama andazi lililosahaulika ndani ya chai, na siku zilikuwa zimebaki tatu. Mtu mwenye akili angepeleka kinyago cha sungura akalala zake. Mimi nikatazama juu ya kabati.

Nikasema nafungua kutazama tu. (Kila dhambi niliyowahi kuifanya imeanza na neno "tu.") Ndani nikakuta injini imekamilika, imepakwa rangi nyekundu ya kucha, na mabomba yake ya moshi Shabani alikuwa ameyatengeneza kwa mirija ya kalamu, akaipinda kwa moto wa kibatari, kazi safi kabisa. Nikaijaribu kwenye gari langu. Ikakaa kama imezaliwa pale. Nikajiambia, hotirodi haitoki boksi moja, mwenyewe marehemu ndiye aliyenifundisha; tena ni mali ya mtani, na ya mtani huchukuliwa. Mnaona nilivyokuwa na elimu? Mjinga anaiba hivihivi, msomi hutafuta ushahidi kwanza.

Juu ya ile injini palikuwa na doa, rangi imevurugika ikaacha mistarimistari. Seremala hawezi kuvumilia doa. Nikalisugua kwa msasa laini, nikaipaka injini yote rangi ya fedha, ikameta.

Siku ya maonyesho watu walijaa. Meza yangu ilizungukwa kuliko za wote, na nisiwafiche, nilivimba. Mwenyekiti akaja na kipaza sauti: "Maalimu, waambie vijana siri ya kazi hii." Mtu mwingine angesema asante. Mimi nikahubiri. Nikasema siri ni subira, nikasema siri ni uaminifu, na nakumbuka nilisema, kwa sauti iliyofika hadi stendi, "Kila kipande mnachokiona hapa kimepatikana kwa njia yake."

Nikiwa bado naongea, namwona Kondo anapenya watu, ana miwani myeusi, ameshuka kwenye treni asubuhi ileile na ameelekezwa uwanjani na mke wangu.

"Nani amempa mpagazi hicho chuma?" akauliza. "Mnyang'anyeni, atakibeba kichwani!"

Uwanja mzima ukacheka. Nikamjibu kwenye kipaza sauti hichohicho kwamba kumbe madaktari wa Dar wamekosea, badala ya kumfungua macho wamemfungua mdomo. Wakacheka zaidi. Kondo akaja mezani, akavua miwani, akainyanyua ile hotirodi na kuisogeza karibu na jicho lililopona. Mungu alikuwa amemrudishia nuru yake, na nadhani hicho ndicho kitu cha kwanza alichokitazama vizuri tangu aipate.

"Mirija hii ya kalamu," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza na kumvuta pembeni. Badala yake nikadhani wakati wa mzaha wangu umefika, nikanyanyua kipaza sauti: "Mali ya mtani hiyo! Nimeichukua, na utanifanya nini?"

Watu wakapiga makofi. Kondo hakuwasikia. Alikuwa anaigeuzageuza injini, anaisogeza kwenye jua, anaipapasa kwa kucha.

"Kidole kiko wapi?"

"Kidole gani?"

"Cha mtoto. Aliishika rangi haijakauka, alama ya kidole chake ikabaki. Akataka kuipaka upya, nikamwambia pumzika kwanza, utapaka ukipata nguvu." Akanitazama. "Hakupata. Kilikuwa hapa juu. Nilikuwa nikiweka kidole changu hapa."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, kinasema kila kitu. Mtu mmoja nyuma alikuwa bado anacheka, akanyamazishwa.

"Nilidhani ni doa," nikasema. "Nimelisugua."

Na sauti yangu mwenyewe ikanirudia kutoka ukuta wa shule: nimelisugua. Mwenyekiti akakirukia kipaza sauti akizime, kikapiga ukelele, watoto wakaziba masikio. Nikasema, "Kondo, ni utani. Kondo, sisi ni watani."

"Mtani huchukua mbele ya watu, Maalimu," akasema kwa upole. "Kuku wako nimemchukua mara ngapi, mkeo akiniangalia? Wewe ulingoja nisafiri."

Nikasikia alivyoniita. Akaiweka hotirodi mezani taratibu, hakuondoka nayo, akavaa miwani yake na watu wakampisha njia. Vijana waliokuwa wakinisifu wakaanza kutazama meza ya mama aliyesuka mikeka.

Msinione nimekaa tu. Siku ileile niliibandua injini, na katika kuibandua nikavunja bomba moja (mkono wa seremala tena), nikaitia rangi nyekundu upya kana kwamba nyekundu ndiyo iliyokuwa imepotea. Nikachukua boksi na wazee wawili wa msikitini, tukaenda kwake, nikakiri bila kutafuta aya ya kujifichia. Akatukaribisha vizuri, mkewe akaleta kahawa. "Nimekusamehe, Maalimu," akasema. "Mungu atusamehe sote." Wazee wakaomba dua, nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba limekwisha.

Tangu hapo tunaonana msikitini kila Ijumaa. Ananipa mkono, anauliza hali ya nyumbani, anauliza mke wangu anaendeleaje na magoti. Kuku wangu wamezeeka mlangoni. Nimemchokoza mara nyingi, nimemwambia Wazaramo hivi, Wazaramo vile, anatabasamu na kusema, "Ni kweli, Maalimu."

Gundi na wembe nimevitupa, na nimeapa kwamba nikiwekewa kitu cha mtu, hata kama ni mfuko wenye maganda, siufungui kutazama, siusogezi, na doa la mtu mwingine silisugui maishani mwangu. Kiapo kizuri. Kimechelewa, lakini kizuri.

Mwezi uliopita dada yangu alifariki kijijini kwetu Puge. Mnajua watani wanavyofanya kwetu siku kama hiyo: wanaficha majembe, wanaingia kaburini na kulala humo, wanamtukana marehemu kwamba alikuwa mchoyo, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia, ndipo maziko yaendelee. Kondo alisafiri hadi Puge na macho yale. Wapwa zangu walipomwona wakaanza kutabasamu, wakayaacha majembe karibu naye makusudi. Akapita pembeni ya majembe, akaketi jamvini pamoja nasi, akanyanyua mikono akasoma Fatiha hadi mwisho. Kisha akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Maalimu. Mungu akupe subira."

Mpwa wangu mkubwa akaninong'oneza, "Mjomba, mtani wako leo vipi?"

Nikamwambia amechoka na safari. Tukasubiri kidogo. Halafu tukabeba jeneza, tukamzika dada yangu upesi, bila mtu hata mmoja kutuzuia.